Sweta ya ufuoni

Ukiufungua mkoba wangu wa kwendea baharini utanicheka. Taulo tatu, sweta, soksi nzito, maji chupa mbili za lita moja moja, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Mwenzangu kazini aliwahi kuniuliza kama naenda Kilifi au Limuru.

Binti yangu ana miaka tisa na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Upepo ukimkuta na nguo mbichi, au akishinda juani bila kunywa maji, seli zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa myembamba. Hapo mtoto hulia mpaka sauti ikauka, nawe unamsugua mguu, hujui usugue wapi.

Alipokuwa na miaka minne tulijaribu kwenda Kilifi kutoka hapa Mombasa. Tulipofika Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, akaanza kushika goti. Tukashuka, tukavuka barabara, tukangoja matatu ya kurudi. Siku nne wodini. Tangu hapo matembezi yetu yakawa kwa nyanya yake tu. Nyanya humpaka mafuta akisema ni baridi yabisi, kama alivyosema kwa wanawe wawili wa kwanza. Hao ni kaka zangu, na sikuwahi kuwaona. Hakuna aliyefika miaka mitano. Simlaumu. Nani angemwambia nini miaka ile?

Kisha ikaja haidroksiyurea. Daktari aliponiambia ilianza kama dawa ya saratani, nilitaka kuinuka niondoke. Akanieleza taratibu: humfanya mtoto atengeneze tena himoglobini (kile kinachobeba hewa ndani ya damu) ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mamake, na hiyo huzizuia seli kujikunja. Tena akaniambia kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na wale wa Kenya walitibiwa Kilifi. Kilifi ile ile iliyonishinda kufika! Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kukapungua, hata malaria na vifo. Na kabla ya hapo wengi walihofia kuitumia dawa hiyo penye malaria. Kwa hiyo kuna kina mama nisiowajua waliokubali watoto wao wapewe wakati jibu halijajulikana. Nawafikiria hao kuliko maprofesa (maprofesa mnisamehe).

Sikudanganyi, si mteremko. Bei inauma, na damu lazima ipimwe kila mara, nauli juu ya nauli. Maumivu nayo hayajakwisha kabisa. Lakini mwaka huu hajalazwa hata mara moja.

Agosti tukavuka daraja la Kilifi. Kusi ilikuwa inavuma na bahari imetapika mwani hadi juu ufuoni, wakati ambao zamani nisingethubutu. Aliingia majini dakika kumi, nikihesabu kwa saa ya simu. "Baba, maji yana moto haya!" Hayakuwa na moto hata kidogo. Nikamtoa, nikamkausha, nikamvisha sweta, akanuna kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyevaa sweta pwani nzima.

Halafu kaka yake akala korosho nyingi kumshinda. Binti akaangua kilio, miguu ikipiga mchanga, watu wakageuka kututazama. Mamake akataka kumnyamazisha. Nikamwambia muache kwanza, alie.