Niliuacha mto, nikapata mto

Mara ya kwanza nilikwenda kuyachuma bondeni, nyuma ya nyumba tunayopanga Kigogo, ndoo mkononi na kisu ndani ya ndoo. Nazungumzia yale majani ya majini, marefu kuliko mtu, yenye kitu cha kahawia juu kama soseji iliyochomekwa kwenye kijiti. Wengi wa Dar tumeyaona, ila ukiuliza jina kila mtu ana lake. Utaambiwa matete, utaambiwa mafunjo, na yote mawili siyo. Tete lina pingili, ndani uwazi. Funjo lina shina la pembe tatu. Haya ni majani bapa yasiyo na uti katikati, na ukiyakata ndani unaona vyumba vidogo vidogo vya hewa. Wataalamu wa mimea huyaita Typha. Nilikuwa nimesoma kwamba yanaliwa, na mwezi ulikuwa kwenye zile tarehe ambazo hata dagaa unamhesabu.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza maandazi, alinikuta nimeshapandisha gauni magotini. "Mwanangu, humo unafuata nini?" Nikamweleza. Hakunicheka. Alininyooshea kidole tu: bomba la choo linalomwaga wazi, povu, na oili chafu inayong'aa juu ya maji. "Sasa utakula majani, au utakula vile?"

Alichosema kina uzito kuliko alivyodhani. Sifa kubwa ya mmea huu ni kunyonya, ndiyo maana hupandwa makusudi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Mizizi yake inashika uchafu mpaka madini mazito kama risasi, na risasi haitoki kwa kuchemsha. Mto Msimbazi, ndio huo wa bondeni kwetu, unabeba maji ya viwandani na ya vyooni mpaka baharini pale daraja la Salenda. Nikashusha gauni, nikaondoka na ndoo tupu.

Mjomba wangu yuko Chanika, ana bwawa la perege alilochimba mwenyewe, linalojazwa na mvua na chemchemi. Hakuna gereji wala kiwanda juu yake. Miaka mitatu hii anapigana na majani hayohayo yanayomfunika bwawa. Nilipomwamkia na kumwambia nilichofuata, aliitikia marahaba kisha akanitazama sana. "Mjomba, hayo ni magugu. Chukua, hata ukimaliza yote sitakudai."

Niliingia na mabuti ya mvua na glavu, maana konokono wa maji yaliyotuama ndio wenye kichocho. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yameisha, machipukizi bado laini. Unashika lile la katikati karibu na chini, unalivuta taratibu, linachomoka na mlio kama kizibo. Kisha unabambua majani ya nje moja moja mpaka ufike kwenye weupe. Kinachobaki hakizidi unene wa kidole gumba. Kwa kukitazama ni kama shaha la mnazi, ladha inaelekea tango. Kuonja kibichi pale bwawani sikuthubutu. Nilikiosha kwa maji ya kisima na kukichemsha kwanza. Shangazi akakiunga kwa tui, kitunguu na bilinganya moja. Watoto walikula. Mjomba alikula akasema mchicha bado haujapata mpinzani, nami sikubishana naye.

Mizizi ndiyo ilinitoa jasho bure. Imelala topeni, imesokotana kama kamba za jahazi. Unaimenya, unaiponda kwenye maji, unachuja nyuzi, unaacha wanga utuame, sawa na mtu anayetengeneza wanga wa muhogo. Asubuhi nzima ilinipa kikombe kisichojaa. Uji wake ulikuwa sawa tu, lakini Chanika muhogo unauzwa kila kona.

Kitu kilichonirudisha Chanika mwezi wa nane ni zile soseji. Zikikomaa ni ngumu na laini juu kama mahameli. Nilikata arobaini na tatu, nikazifunga kwenye kiroba, konda akanitoza nauli ya mzigo ingawa mzigo wenyewe ulikuwa mwepesi kama hewa. Nyumbani nikachukua moja nikaibinya katikati kwa kidole, ndani ya chumba, feni ikizunguka.

Ilipasuka na kuumuka. Kichwa kimoja kidogo kile kina zaidi ya mbegu laki moja, kila moja na manyoya yake. Chumba kilijaa ukungu. Yaliingia kwenye chandarua, kwenye sufuria ya maharage, puani kwangu, na kupitia dirishani mpaka kwenye nguo za mpangaji mwenzangu zilizoanikwa uani. Nilizifua zote upya, kimya kimya, na wiki nzima nilipiga chafya.

Zilizobaki nilizipasulia ndani ya foronya, mikono imeingia, mdomo wa foronya umefungwa kwenye viwiko, pua nimeifunga khanga. Kitambaa lazima kiwe kizito. Nilitumia marekani, mshono mara mbili, kwa sababu manyoya haya yanapenya kila tundu na yanawasha ngozi. Juu yake nikavika foronya ya kawaida. Vichwa arobaini na viwili vilitosha mto mmoja, mnene kiasi.

Bibi alipokuja kututembelea kutoka Tandika aliulalia mchana mmoja, kisha akauminya pembeni kama anayepima embe. "Sufi hii umeipata wapi? Imesagika." Nikamwambia si ya msufi, ni magugu ya bwawani. Nikamwongezea kwamba hata Wamarekani, Japani ilipoiteka Java mwaka 1942 na sufi ikakatika, walijazia maboya ya kuvaa kwa manyoya hayahaya.

"Wao walikuwa vitani," akasema, akaugeuza mto upande wa pili na kuendelea kulala. Alipoondoka jioni aliondoka nao, na mjomba ameshanipigia simu kuuliza lini namalizia upande wa pili wa bwawa.