Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Dada mmoja wa ushirika wetu aliugua kifua kikuu. Amemeza dawa miezi minne bila kukosa, makohozi yamepimwa tena yakaonekana safi, na daktari amemwambia akae na watu. Jumanne alikuja kunisalimu. Nikamtilia chai kwenye kikombe cha bati nilichokuwa nimekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio, kisichanganyike na vingine. Aliuona ule uzi. Akanywa, akaenda kukiosha mwenyewe, akakiinamisha peke yake pembeni ya karo.

Usiku ule nilifungua Walawi 13, sura ya sheria za ukoma, nikitafuta, niseme kweli, kitu cha kunitetea. Si Mungu mwenyewe aliagiza wagonjwa watengwe? Ndiyo, aliagiza. Torati ina mengi ya namna hiyo: kufukia kinyesi nje ya marago, yaani kambi ya Waisraeli, katika Kumbukumbu 23, kuoga maji ya mtoni katika Walawi 15, kuvunja chungu kilichoangukiwa na mzoga. Zilikuwa sheria za unajisi na utakatifu, wala sidai kwamba Waisraeli walijua vijidudu. Lakini hata Vienna, mwaka 1847, daktari Semmelweis aliwaagiza wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini watokapo kupasua maiti, vifo vya akina mama waliojifungua vikapungua sana, na bado wengi wakampinga. Kwa hiyo tusiidharau Torati.

Ila someni vizuri, wapendwa. Kuhani hakumtenga mtu kwa uvumi. Alitazama ngozi, akatazama rangi ya nywele, akamfungia siku saba, akamtazama tena. Kama bado hana hakika, siku saba nyingine. Kisha ikaja sura ya 14, ambayo mimi nilikuwa siisomi. Pale kuhani ndiye anayetoka kwenda nje ya marago kumfuata mgonjwa. Akimkuta amepona kuna ndege wawili, mmoja anaachiliwa mashambani, kuna damu, kuna mafuta ya kupakwa sikioni na kichwani. Maskini aliwekewa sadaka nafuu, mwana-kondoo mmoja badala ya watatu, asibaki nje kwa umaskini wake. Sehemu kubwa ya sura hiyo ni ya kumrudisha mtu!

Na Miriamu, dada yake Musa aliyepigwa ukoma, je? Alikaa nje siku saba, na Hesabu 12 inasema watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Taifa zima, na mifugo yao na watoto wao, walikaa jangwani wakimngoja mgonjwa mmoja.

Sisi tunamngoja nani? Tunajua kutenga, tena bila kupima. Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa asiyetibiwa akikohoa, kikombe hakikiambukizi. Nililijua hilo, nimelisikia kliniki mara nyingi, na bado nikafunga uzi. Na wewe unayehama benchi dada huyu akiketi jirani yako, unayempungia mkono kwa mbali wakati wa kupeana amani, unamtenga kwa sheria ipi? Ya Musa ina siku ya kurudi. Yetu haina.

Alhamisi nilikwenda kwake. Nilimwomba msamaha, nikakitaja kikombe chenyewe, nisizungukezunguke. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama ibada ya nyumba kwa nyumba juma lijalo bado ni kwangu. Ni kwangu. Atasoma somo, nasi sote tutakunywa chai. Uzi nimeukata.