Siku moja maishani mwangu: nesi wa chuo msimu wa influenza

Saa 12:30 asubuhi. Simu inaita kabla sijavaa viatu. Ni msimamizi wa bweni: kijana wa mwaka wa kwanza ametetemeka usiku kucha, na mmoja wa wenzake wawili wa chumba ameanza kukohoa alfajiri. Namwambia afungue madirisha, ampe maji, nami nitapita nikipunguza foleni. Njia nzima namwaza yule mwenzao wa tatu, ambaye bado ni mzima.

Saa 2. Benchi limejaa. Anayekohoa anapewa barakoa kwanza, maelezo baadaye, na anakaa upande wa dirisha. Karibu kila mmoja ananiambia ana "mafua tu, nesi." Neno hilo linatuponza. Mafua ya kawaida huja taratibu: koo linawasha, pua inachuruzika, lakini mtu anaendelea na shughuli zake. Influenza haipigi hodi. Mgonjwa wake nikimuuliza ilianza lini, mara nyingi ananitajia saa kabisa: "Jana saa 10 jioni nilikuwa maktaba, ghafla mwili mzima ukaanza kuuma." Nikisikia hivyo, mkono unakwenda wenyewe kwenye kipimajoto. Huyu ana 39.2.

Tena ana pumu, kwa hiyo hasubiri. Daktari anamwandikia oseltamivir, dawa ya kupambana na kirusi cha influenza, mara mbili kwa siku kwa siku 5. Dawa hiyo husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze, na watu wenye pumu, kisukari au ujauzito ndio wanaoweza kuzidiwa haraka. Wengi wa waliobaki kwenye benchi watapona kwa mapumziko, maji ya kutosha na paracetamol. Aspirini siwapi vijana hawa. Kwa watoto na vijana wenye influenza inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na kuvimbisha ubongo. Ni nadra, lakini sioni sababu ya kubahatisha wakati dawa nyingine ipo.

Saa 4. Wawili wanaomba amoksisilini. Nawaeleza kwamba hiyo ni ya bakteria, haigusi kirusi. Mmoja anaelewa, mwingine anaondoka amenuna.

Saa 5:30, bwenini. Chumba cha vitanda vitatu, hatua moja kati ya kitanda na kitanda, na kikombe kimoja mezani wanachokunywea wote. Kijana amejifunika blanketi hadi kidevuni. Namgusa mguu nimwombe akae, nahisi kitu kigumu. Amevaa viatu. Kamba zimefungwa kabisa.

"Nina mtihani saa 8, nesi. Nimemeza paracetamol, homa imeshuka."

Moyo unaniuma kwa sababu namwelewa. Nakaa pembeni, namwambia polepole: mwanangu, homa iliyoshushwa na kidonge bado ipo. Utatoka chumbani ukishamaliza saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kirusi hiki huanza kutoka kwa mtu siku moja hivi kabla hajajua anaumwa, na huendelea kutoka kwa siku 5 hadi 7 baada ya hapo. Ukumbi ule una viti vilivyobanana.

Yeye na yule anayekohoa nawaacha pamoja, maana kuwatenganisha sasa hakuna faida. Yule mzima anahamishiwa chumba kilicho wazi, naye namwomba ajiangalie siku 4 zijazo. Kila mtu anapata kikombe chake. Rafiki yao wa chumba cha jirani atawaletea chakula mlangoni, na yeye ndiye namwandikia dalili za kunipigia simu hata usiku wa manane: kuhema kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu. Nyingine naipigia mstari: homa iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu. Mara nyingi hiyo huwa nimonia imeingia.

Saa 7 mchana. Nampigia mhadhiri. Anakubali kumfanyisha mtihani akipona, bila kumdai aje na barua mkononi. Chuo nilichofanya kazi zamani kilidai barua hiyo, na wagonjwa walijikokota hadi zahanati kuifuata, wakakaa bega kwa bega na waliokuja kufungwa vidonda. Naamini simu hii ya dakika tatu imezuia maambukizi mengi kuliko chupa zote za kutakasia mikono nilizopanga mlangoni.

Saa 9 alasiri. Meza ya chanjo. Binti mmoja anasema mwaka jana ilimpa influenza. Haiwezi. Sindano hii haina kirusi hai, ingawa mkono kuuma na kahoma ka siku moja ni jambo la kawaida. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, na katikati hapo mtu anaweza kuambukizwa. Anauliza kwa nini kila mwaka. Kirusi hubadilika, namjibu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupitia upya mchanganyiko wa chanjo mara 2 kwa mwaka. Haizuii kila ugonjwa, ila hupunguza sana uwezekano wa kulazwa. Anakunja mkono wa shati.

Saa 3 usiku. Ujumbe kutoka kwa yule rafiki: "38.1, amekunywa maji, anahema vizuri, amelala. Viatu nimeondoka navyo."