Nilivyomsaidia daktari mkimbizi kurudi kazini, Salford, Uingereza

Novemba 2022, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa wodini kwetu mzee mmoja kutoka nyumba ya kutunzia wazee, akisindikizwa na mhudumu mrefu aliyevaa sare ya zambarau. Kwa kawaida wasindikizaji hutukabidhi bahasha na kwenda kuketi. Huyu alinieleza, kwa Kiingereza kizito lakini kilichopangika, kwamba mgonjwa alikuwa akipumua mara 26 kwa dakika, presha yake ilikuwa ikishuka tangu jioni, amechanganyikiwa ingawa asubuhi alikuwa akisoma gazeti, na hajakojoa tangu saa nane mchana. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kuwa alimweleza msimamizi wake mapema, akajibiwa kwamba kutambua magonjwa si kazi ya mhudumu. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, na dakika zile kumi alizoniokolea kwa maelezo yake zilikuwa na thamani kubwa.

Nilipomuuliza amesomea wapi, alitaja Bukavu, mashariki mwa Kongo, na hapo tukahamia kwenye Kiswahili. “Mimi ni munganga, dada,” alisema, nami kwa nukta moja nikamwona amezungukwa na vibuyu, maana kwetu Tanga neno mganga, ukiacha vyeo vya serikali kama Mganga Mkuu wa Mkoa, humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye miti shamba. Kumbe alikuwa daktari wa hospitali kwa miaka tisa, aliyezoea kufanya upasuaji wa uzazi hata umeme ulipokatika, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kuwaogesha na kuwalisha wazee. Kazi hiyo si duni, nami nimeifanya. Lakini nilirudi nyumbani asubuhi ile nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Sikuwa mgeni wa njia ya kurudi kwenye taaluma yako ugenini, ingawa mimi, muuguzi, nilikuja kama mhamiaji na wala si mkimbizi, tofauti ambayo si ndogo. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza lilikuwa likidai alama 7 katika kila sehemu ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, nami nilikwama mara mbili kwenye 6.5 ya kuandika, hadi Desemba 2018 baraza lenyewe lilipoishusha alama ya sehemu hiyo ikawa 6.5. Kwa hiyo nilidhani ninajua anachohitaji. Nilimkusanyia vitabu vya maswali ya tiba, mfuko mzima, nikamwambia asome. Lilikuwa kosa, kwa sababu tiba ndiyo kitu pekee ambacho hakikumshinda: sehemu ya kwanza ya mtihani wa PLAB, ambao baraza la madaktari, GMC, huwapa waliosomea nje, ina maswali 180 ya kujibiwa kwa saa 3, naye aliipita mara ya kwanza.

Kilichotuchelewesha mwanzoni ni karatasi. Shahada ya daktari aliyesomea nje huhakikiwa na chuo chenyewe kupitia mfumo wa EPIC, unaoendeshwa kutoka Marekani, na barua pepe za kwenda chuoni kwake zilikuwa kama kokoto zilizotupwa ziwani. Hatimaye mwanafunzi mwenzake wa zamani alikwenda kwa miguu yake katika ofisi ya masijala, mara tatu, mpaka mtu akaketi mbele ya kompyuta na kujibu. Tangu hapo kila anayenijia namuuliza kwanza: una nani kule anayeweza kubisha hodi?

Kiingereza alikipata REACHE North West, kituo kilichopo hapahapa Salford, ambacho tangu 2003 kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa afya walio wakimbizi na waomba hifadhi. Nilifika naye siku ya kwanza kwa sababu aliogopa kwamba Kifaransa chake kingemwaibisha. Huko alishauriwa achague OET, mtihani wa Kiingereza kwa wataalamu wa afya, ambao GMC imeukubali tangu 2018, na ambao humtaka daktari aandike barua kuhusu mgonjwa badala ya insha kuhusu utalii au michezo. Ushauri huo ulimpunguzia, kwa makadirio yangu, mwaka mzima.

Lakini sehemu ya pili ya PLAB ndiyo iliyokula Jumamosi zetu. Hufanyika Manchester tu, katika vyumba 16 vyenye waigizaji wanaojifanya wagonjwa au ndugu zao, na kila chumba hupewa dakika 8. Mimi nilikuwa mgonjwa, mume wangu alikuwa ndugu wa mgonjwa, na saa yangu ya jikoni yenye umbo la nyanya ilishika muda. Siku ya kwanza nilijifanya mama mwenye presha asiyetaka dawa. Daktari alinipima, akanieleza ugonjwa bila kosa hata moja, akaniambia ni lazima nimeze kidonge kila asubuhi, akafunga daftari. Ilikuwa dakika ya nne. “Umemaliza?” nikamuuliza. “Nimemaliza, dada. Kuna nini tena?” Hakuwa ameniuliza kwa nini sitaki dawa. Kule alikofanya kazi, foleni ikiwa ya watu sitini na daktari ni mmoja, swali hilo ni anasa. Hapa ndilo lenye alama.

Maneno nayo yaliteleza. Kwa Kifaransa alichosomea, “tension” ni presha, akawa akimwambia mgonjwa wa Kiingereza kwamba ana “tension”, na mgonjwa akaelewa ana wasiwasi. Pia alikosa pa kuweka neno pole. Sisi humpa pole mtu yeyote aliyefikwa na jambo, bila kukiri kosa. Yeye, kwa kuwa hakupata neno linalolingana nalo, alinyamaza, na ukimya wake ukaonekana ubaridi. Tulikubaliana kwamba popote ambapo ulimi ungetaka kusema pole, atulie kidogo, kisha aseme kwa Kiingereza kwamba anaona jinsi jambo hilo lilivyo gumu kwa mgonjwa. Zoezi lililomuuma zaidi ni la binti anayeuliza majibu ya vipimo vya mama yake. Mara ya kwanza alimweleza yote mume wangu, aliyekuwa akiigiza huyo binti kwa sauti nyembamba ya kuchekesha, kwa sababu kwao, kama kwetu, habari mbaya hupitia kwa ndugu kwanza. Hapa siri ni ya mgonjwa hadi aruhusu mwenyewe. Aliniuliza kama mimi ninakubaliana na utaratibu huo. Nilimjibu kwamba baadhi ya siku ndiyo, baadhi ya siku hapana, na kwamba mtihani hautamuuliza maoni yake.

Alifaulu mwaka 2024, akasajiliwa, kisha akakaa miezi mingi akiomba kazi bila kuitwa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuonya. Kilichofungua mlango ni wiki sita za kushinda wodini kama mtazamaji bila malipo, ambako daktari bingwa mmoja alimwona akifanya kazi na akakubali kumwandikia barua.

Jumamosi bado tunakutana. Sasa tunaye mkunga kutoka Bujumbura, ambaye bado hajavuka mtihani wa Kiingereza, na ambaye namwita Mama Mkunga ili asisahau. Mgonjwa ni Daktari, anayekuja akiwa amechoka na zamu, na ni mgonjwa msumbufu kuliko nilivyokuwa mimi: hudai kwamba hasikii vizuri, huzungumzia paka wake, na nyanya inapokaribia kulia ndipo hutaja, kama kwa bahati mbaya, kwamba tangu jana anaona ukungu machoni.