"Tajiri, tumeyamaliza"

Mi nina Hiace moja tu, naomba ieleweke hivyo, maana nikisema nina daladala watu wanaanza kuniomba mkopo. Inapiga Igoma kwenda mjini hapa Mwanza, dereva ninaye huu mwaka wa tatu, konda sasa ndo hata idadi nimepoteza.

Jioni moja dereva kanipigia, "Tajiri, kulikuwa na kamshikemshike kadogo Buzuruga ila tumeyamaliza." Kamshikemshike gani? Eti kuna mama alijikwaa akishuka, wamempa elfu kumi ya panadol kaondoka zake. Nikasema alhamdulillah, alafu nikauliza hesabu, ile hela yangu ya siku, ikoje. Sifichi, ndo swali nililouliza.

Kama wiki mbili mbele nikapanda gari yangu mwenyewe pale mjini, nimebanwa siti ya nyuma kabisa, dereva hajaniona na konda ni mgeni hanijui. Tumefika Mabatini kuna mayu (mama kwa Kisukuma) mmoja mtu mzima anashuka na beseni la dagaa. Sa kwa wasiopanda Hiace, konda akigonga bodi mara moja dereva anasimama, akigonga mbili anaondoa, dereva wala hageuki kuangalia, anasikiliza mkono wa konda tu. Na huyu konda macho yake hayakuwa kwa mayu, yalikuwa nyuma kwenye Hiace nyingine inayokuja kutuwahi abiria, akagonga mbili huku mayu mguu mmoja uko chini na mwingine bado kwenye ngazi, mlango nao ukakwama katikati ukabana pindo la kanga. Gari ikasogea. Watu wote "mama anashukaaa!" Ilikuwa kama hatua tatu nne tu lakini mayu alishakaa chini kwenye lami na dagaa wote wamemwagika.

Hakulia. Alianza kuokota dagaa mmoja mmoja anapuliza mchanga, akamwambia konda, "Mwanangu, si ungeningoja nitoe mguu tu."

Dereva aliponiona natokea siti ya nyuma alibaki mdomo wazi. Dagaa nikalipa, hospitali tukampeleka, goti lilichubuka, mfupa mzima, Mungu mkubwa.

Usiku tukakaa watatu kwenye chipsi pale Igoma, sikupiga kelele, niliuliza tu, tangu mwaka uanze mmeyamaliza mangapi? Wakaangaliana, wakaanza kuhesabu kwa vidole. Sita! Na manne kati ya hayo ni mlangoni, mtu kadondoka au kabanwa vidole au nguo imenasa. Roli ya chini ya mlango, kile kigurudumu unachotelezea, ilikuwa imekwisha wiki tatu nzima, konda alikuwa anaunyanyua kwa mkono kila kituo. Nikawauliza kwa nini hamkuniambia. Dereva akajibu bila kupepesa, "Tajiri, tukikuambia mlango gari inalala gereji, na wewe jioni hesabu unataka."

Hapo ndo niliishiwa maneno. Maana mi nilikuwa najua ajali ni ile inayotoka kwenye redio, kumbe ajali yangu ilishajitambulisha mara sita na kila mara tunaipa elfu kumi iende. Hata ile haraka ya konda ukiifuatilia inarudi kwangu. Dereva akichoka mchana anampa deiwaka, dereva wa kibarua, gari masaa manne, deiwaka lazima atoe fungu la hesabu yangu na yeye apate ya kula, sa masaa manne hayo unategemea angoje mayu atoe mguu?

Nikabadilisha vitu. Gari ikilala gereji siku hiyo sidai hesabu, ukweli inauma. Konda hagongi mbili mpaka mlango ugote. Deiwaka lazima nimjue sura na leseni. Alafu nikanunua kaunta buku, kila jioni dereva anaandika chochote kilichotaka kutokea hata kama hakijatokea, na kosa lililoandikwa halikatwi hela, linalokatwa ni lile nitakalolisikia kwa watu.

Wiki ya kwanza hamna kitu, kurasa nyeupe. Ya pili akaandika "ukikanyaga breki gari inavuta kushoto". Zamani hiyo angeizoea tu, angekuwa anaibalansi na usukani. Fundi kufungua tairi la mbele kulia akakuta pistoni ya breki imekwama, yaani upande mmoja unashika na mwingine unasindikiza. Spidi 50 gari inakula karibu mita 14 kila sekunde, piga picha bodaboda kakatiza mbele yako Nyakato.

Matairi nayo, mi nilikuwa naangalia kashata tu, yale meno ya tairi. Fundi akanionyesha namba nne mwisho wa yale maandishi ya DOT ubavuni, ilisoma 1416, yaani wiki ya 14 mwaka 2016, na mi niliuziwa kama mtumba "safi wa juzi juzi". Kashata imejaa ila ubavu una nyufa kama kisigino changu.

Nilichoshindwa mpaka leo ni kujaza abiria kupita kiasi. Mabasi ya mikoani angalau yana VTS, kile kifaa cha kufuatilia gari cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, dereva akivuka 80 anaonekana ofisini, ila saa kumi na mbili jioni mjini nani anahesabu vichwa kwenye Hiace? Abiria wenyewe ndo wanasukumana, "sogea wanne wanne", konda akikataa anatukanwa. Na gari hiyohiyo inaenda Igoma, walikozikwa watu wetu wa meli ya MV Bukoba iliyozama 1996! Na 2018 tukapigwa tena Ukara, kivuko cha MV Nyerere kikazama, uwezo wake abiria 101, waliokufa peke yao walizidi 200. Sisi wa huku ziwani neno "bado nafasi ipo" lingetakiwa litutie baridi, lakini wapi, hata mi juzi nilikaa wa nne.

Jana kwenye buku kaandika: "Mlango umeanza kukwama tena. Konda kagonga mapema mara 1, Mabatini, hamna aliyeumia." Roli niliyofunga ilikuwa mtumba, haijamaliza hata miezi miwili. Mwenye kujua duka hapa Mwanza wanapouza ile orijino aniandikie hapo chini, bei tutaelewana, gari nimeilaza tangu asubuhi.