Kwenda Paris kumwona Kim Woojin akivuta upinde

Treni ya asubuhi kutoka Brussels kwenda Paris huchukua saa moja na nusu hivi, na Jumanne ile ya tarehe 30 Julai 2024 ilikuwa imejaa pomoni. Siku chache nyuma kuna watu walichoma nyaya za reli za Ufaransa saa chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki, hivyo kila abiria alikuwa anaukodolea macho ubao wa ratiba. Tulifika salama. Nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu, kijana wa Lubumbashi ambaye hakuwa amewahi kutazama mashindano ya upinde hata kwenye televisheni. Alikubali kuja kwa sababu tiketi za raundi za mwanzo zilikuwa na bei ya kueleweka.

Mashindano yalifanyika kwenye uwanja wa Invalides, mbele ya jengo ambalo mfalme Louis wa 14 aliwajengea wanajeshi wake waliojeruhiwa, na ambamo Napoleon amezikwa. Kuba lake la dhahabu lilikuwa linang'aa mpaka linaumiza macho. Joto lilikuwa la kutisha. Mtu wa Dar es Salaam nikajikuta naulizia kivuli.

Mimi nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja: Kim Woojin wa Korea Kusini. Nimekuwa nikimfuatilia tangu Rio 2016, alipofunga pointi 700 kati ya 720 katika raundi ya kupanga nafasi, rekodi ya dunia wakati huo, kisha siku chache baadaye akatolewa mapema na Riau Ega Agatha wa Indonesia. Mtu aliyetoka kuvunja rekodi ya dunia! Ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu.

Ukitaka kuielewa kazi ya Kim, usianze na medali zake, anza na mchujo wa kwao. Korea huwachagua wachezaji wake kwa mishale mingi mno, mwezi baada ya mwezi, na jina lako la jana halikusaidii kitu. Mwaka 2011 Kim alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya nne kwenye mchujo, na kwa kuwa wanaokwenda Olimpiki ni watatu, London akaisikia redioni. An San, binti aliyetwaa dhahabu tatu Tokyo, hakupata nafasi ya kuja Paris. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya Wakorea. Watu husema ni vipaji, ni vidole vilivyozoea vijiti vya kulia chakula, porojo tu. Nchi nyingine zinamlinda bingwa wao. Korea inamrudisha kwenye foleni kila mwaka.

Mpinzani wake wa kwanza siku ile alikuwa Israel Madaye wa Chad, aliyebeba bendera ya nchi yake na ambaye kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe. Jukwaa letu likaamka. Shabaha iko mita 70, ina upana wa sentimita 122, na lile duara la kumi lina sentimita 12.2 tu. Kutoka tulipokaa hata rangi ya njano ilikuwa kama punje. Anayeshinda seti ya mishale mitatu anapata pointi mbili, na wa kwanza kufikisha sita ndiye mshindi.

Kim alikuwa anafanya jambo lile lile kila mara. Anachomoa mshale kwenye podo, anaupachika, anainua upinde, anavuta ugwe mpaka unagusa kidevu na ncha ya pua. Kwenye upinde kuna kibati chembamba kinacholia "tik" mshale ukifika mwisho wa kuvutwa. Kikilia tu, vidole vinaachia. Kwa wengine ungeona kusitasita kidogo. Kwake, tik na mlio wa ugwe vilikuwa kitu kimoja.

Seti ya kwanza 29 kwa 26, na Madaye hakuwa mbaya hata kidogo. Seti ya pili mshale wake mmoja ukapata pointi moja. Kuna waliocheka. Halafu makofi yakaanza, yakazidi, na baadhi ya waliokuwa wanapiga walikuwa Wakorea wenye bendera zao. Mwenzangu akanigeukia: "Yaya, uyu mi namupenda." Madaye akamaliza seti ya tatu na 25, Kim akafunga 30. Sita bila, wakapeana mikono.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti tukarudi kwenye fainali. Kim alikuwa ameshachukua dhahabu ya timu, na ya mseto, mwanamume na mwanamke, akiwa na Lim Sihyeon. Sasa alikuwa na Brady Ellison wa Marekani, yule yule aliyeivunja ile rekodi ya 700 mwaka 2019 kwa kufunga 702. Ellison akatangulia, Kim akasawazisha, Ellison akatangulia tena, Kim akasawazisha tena. Seti ya tano kila mmoja akapiga 30. Tano kwa tano, mshale mmoja mmoja wa kuamua.

Wote wakapiga kumi. Waamuzi wakapima: wa Kim ulikuwa milimita 55.8 kutoka katikati, wa Ellison 60.7. Tofauti milimita 4.9. Ellison akamshika Kim mkono akauinua juu.

Usiku kwenye treni tulikuwa tunabishana kwa sauti kwamba dhahabu tano za Olimpiki hakuna mpiga mishale aliyewahi kuzifikisha. Mzee mmoja wa Kibelgiji aliyekaa upande wa pili akaingilia, kwa heshima lakini kwa msimamo. Hubert Van Innis, akasema, Mbelgiji, ana sita, na fedha tatu, za Paris 1900 na Antwerp 1920. Nikaangalia kwenye simu: kweli. Mwenzangu akasema Antwerp zilishindana nchi tatu tu, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, kwa hiyo zihesabiwe nusu. Mzee hakukubali. Kwake yeye, Kim bado anadaiwa moja, na akaitafute Los Angeles 2028, kama mchujo wa kwao utampitisha.