Niwekee ile ya mluzi

Kibanda changu kipo pembeni ya soko la Majengo hapa Dodoma, na kazi yangu ni kuweka nyimbo kwenye flash na memori kadi. Si unajua zile kazi ambazo kila mwaka watu wanasema zimekufa, eti sasa hivi kila mtu ana simu, ila njoo Jumamosi uone foleni. Bando linaisha bwana, flash haiishi. Wateja wangu ni madereva wa daladala na bajaji, wenye baa, na wazee. Leo nataka niongelee wazee, maana kuna kitu nimekigundua miaka yote hii niliyokaa nyuma ya hii kompyuta yangu ambayo herufi Q imeshang'oka.

Mzee akitaka wimbo wa Otis Redding, yule mwimbaji wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, hautaji kwa jina. Hata mmoja hajawahi, nakuapia. Huyu atakwambia niwekee ile ya mluzi, yule atakwambia ile inaanza polepole kama kanisani halafu mwishoni jamaa anapandisha mashetani. Kuna mama mmoja wa Chang'ombe anauza vitenge, yeye anaitaga "ile ya kuomba asiachwe", na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, ila siku nimekaa nikasikiliza maneno vizuri nikakuta kweli bwana, mwanamke kachoka anataka kuondoka na jamaa anabembeleza. Nikamuuliza mama umejuaje? Akanicheka tu, akaniambia mwanangu mtu anayelia hivyo unataka nani akutafsirie.

Basi toka siku hiyo nimekuwa najiuliza, huyu mtu kafa 1967, kafa na miaka 26, hajawahi kukanyaga Dodoma, na wengi wanaomsikiliza hapa hata sura yake hawaijui. Sasa wanamjuaje hivi?

Ngoja kwanza nikiri dhambi yangu. Kwa miaka kama minne hivi kwenye folda yangu ya zilipendwa za kizungu nilikuwa na wimbo umeandikwa Otis Redding, When a Man Loves a Woman. Nimewauzia watu wangapi sijui. Ule si wa Otis jamani, ni wa Percy Sledge, jamaa wa Alabama aliyekuwa anafanya kazi hospitali kabla ya kutoka kimuziki, na wimbo ulitoka 1966. Mafaili tunapeana vibanda kwa vibanda, mmoja akikosea jina tunakosea wote mji mzima. Aliyenisahihisha ni mzee mmoja mstaafu wa reli, anakaa Makole, na alinisahihisha kwa hasira kabisa utadhani nimemkosea mtu wa ukoo wake. Alisema Percy ananyoosha sauti, Otis anaikatakata. "Sikiliza kijana, Otis hawezi kumaliza sentensi bila kugugumia." Nikaweka nyimbo mbili moja baada ya nyingine kwenye sabufa na kweli, masikio yangu yakafunguka. Otis anachukua kaneno kamoja kadogo anakarudia karudia, anakatafuna, anakatema, utadhani maneno yamemjaa mdomoni na mlango ni mdogo.

Huyu mzee ndiye aliyenifanya nianze kutafuta habari za Otis usiku nikishafunga. Na habari yenyewe ni tamu kwa watu wa stendi, nimeshawasimulia madereva mpaka wananiambia inatosha. Otis alizaliwa 1941 huko Dawson, jimbo la Georgia, akakulia Macon, mji uleule wa mwimbaji Little Richard. Mwaka 1962 akaenda Memphis kwenye studio za Stax, ila hakwenda kama mwimbaji, alikwenda kama dereva! Alikuwa anaendesha gari kumpeleka mpiga gitaa anaitwa Johnny Jenkins aende kurekodi. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri, muda ukabaki kidogo, wakamwambia haya na wewe dereva imba. Akaimba These Arms of Mine na mambo yakaanzia hapo. Deiwaka kachukua gari moja kwa moja. Kuna dogo mmoja wa bajaji tangu nimempa hii stori akiona abiria wamebeba gitaa au kinanda anajikohoza koo.

Na ile studio ilikuwa jengo la sinema la zamani, sakafu yake ilikuwa bado imeinama vilevile kama sinema. Bendi ya hapo ndani, Booker T. Jones na wenzake, ilikuwa weusi wawili na weupe wawili, wanapiga pamoja kwenye mji ambao nje ya mlango ubaguzi unaendelea kama kawaida. Hii ya bendi mzee wa reli alikuwa haijui. Alinyamaza kidogo, halafu akasema ndio maana.

Sikumuuliza ndio maana nini.

Sasa kuna mabishano ambayo hayaishi pale kibandani, na mimi nina upande wangu. Wanafunzi wa UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, wakija wakasikia Otis anaimba Respect wanasema duh, huyu mzee kaimba wimbo wa Aretha Franklin. Hapana. Otis ndiye aliyeutunga, akautoa 1965, Aretha akauchukua 1967 akaugeuza ukawa wa kwake kabisa, mpaka Otis mwenyewe alipopanda jukwaani kwenye tamasha la Monterey, hukohuko Marekani, mwezi wa sita mwaka huo akatania watu kwamba ni wimbo ambao binti mmoja, rafiki yake, kamnyang'anya. Mimi nasema Aretha kashinda na sioni aibu kusema. Ule wa Otis ni mwanaume katoka kazini anataka apokewe vizuri, ule wa Aretha ni mwanamke kasimama mlangoni kashika kiuno. Mzee wa reli hakubaliani na mimi mpaka leo, anasema mwenye shamba ni aliyepanda. Haya.

Halafu wanafunzi haohao wananiomba "ule wa Jay-Z na Kanye bila Jay-Z na Kanye", wanamaanisha Try a Little Tenderness, maana wale jamaa waliuchukua 2011 wakatengenezea wimbo wakauita kabisa Otis. Nawawekea, wanaondoka wameridhika, wiki inayofuata wanarudi wanataka zingine. Kwa hiyo sina kinyongo na Kanye kwa hilo.

Kitu kingine nilichojifunza kwa mzee ni kwamba kupenda soul hapa kwetu kuna wakati ilikuwa ni kosa. Yeye miaka hiyo alikuwa kijana Dar, ameanza kazi ya reli. Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana, vijana wa TANU wanapambana na mini na mawigi na suruali za kubana, na mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo mkuu wa mkoa wa Pwani, na Dar wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Pwani, akapiga marufuku dansi la soul. Ilionekana inaharibu vijana na ni utamaduni wa nje. Watu wakaandika barua magazetini kulalamika kwamba jamani huu ni muziki wa watu weusi wenzetu. Mzee anasema yeye hakuandika barua yoyote, alichofanya ni kufunga dirisha. Anasema walikuwa wanakaa wanne chumba kimoja, joto la Dar lile, dirisha limefungwa, gramafoni imewekwa chini ya kitanda ili sauti isitoke, wanamsikiliza marehemu anaimba. Kwa sababu Otis wakati huo alishakufa, soul inapigwa marufuku Dar yeye ana karibu miaka miwili kaburini.

Kifo chenyewe mnakijua wengi, ndege. Desemba 10, 1967, wanakwenda Madison, Wisconsin kupiga shoo, ndege ndogo ikaangukia Ziwa Monona kwenye baridi kali. Alikuwa na vijana wa bendi ya Bar-Kays, watoto kabisa wametoka shule juzi tu. Waliokuwa ndani ya ndege akapona mmoja, Ben Cauley, mpiga tarumbeta, alielea na mto wa kiti, na kuogelea alikuwa hajui.

Hapa ndipo wadau wangu wanapoanzaga kumlinganisha na Mbaraka Mwinshehe. Naelewa kwa nini. Mbaraka naye alikufa safarini, ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, miaka 34. Wote safari, wote vijana, wote wameacha watu midomo wazi. Ila mimi huwa nawaambia msiwafanyie hivyo hawa watu, msiwapende kwa sababu ya ajali. Ukimpenda Otis kwa ajili ya ndege utakuwa husikii anachofanya, utakuwa unasikia ndege tu. Na unajua nini, kabla hajafa alikuwa ndio kwanza anabadilika. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa koo, kanyamazishwa kwa wiki kadhaa, sauti iliporudi akaingia studio akaimba kwa utulivu wimbo wa mtu kakaa gatini anaangalia meli zinaingia na kutoka, hana cha kufanya, kazi hamna. Hakuna kilio, hakuna kugugumia. Wazee wengine wa Stax hawakuuelewa, waliona huyu siye. Akamalizia kurekodi mwanzoni mwa Desemba, siku chache baadaye ndege. Wimbo ukatoka Januari 1968 na Machi ukashika namba moja Marekani, namba moja yake ya kwanza, na ndiyo mara ya kwanza kule marehemu kushika namba moja.

Ndiyo huo, The Dock of the Bay. Ile ya mluzi.

Ule mluzi wa mwishoni, Steve Cropper, mpiga gitaa aliyetunga naye, amewahi kusimulia kwamba Otis alikuwa na maneno ya kusema pale, yakampotea, basi akapiga mluzi tu. Mimi nilikua naambiwa na bibi usiku hakupigwi mluzi, unaita nyoka, kwa hiyo kwangu mluzi ulikuwa ni kitu cha mchana na cha watoto watundu. Nikamsimulia mzee habari ya maneno kupotea nikidhani atashangaa. Akasema kwao Mpwapwa alipokuwa anachunga, ukiwa peke yako na ng'ombe toka asubuhi unafika saa nane maneno yote yameshaisha, hata ya kujisemesha mwenyewe, unabaki na mluzi, na ng'ombe wanakuelewa. Kwa hiyo kwake kile kipande cha mwisho hakikuwa na ajabu yoyote, ni mchungaji kafika saa nane mchana.

Kwenye folda yangu siku hizi Otis nimemtoa kwenye za kizungu. Nimemweka na Hukwe Zawose na Patrick Balisidya wa Mvumi hapo, watoto wa kwetu Ugogoni, na sijui kama ni sahihi kitaalamu ila ukisikiliza Zawose akiwa na zeze anavyopanda juu kabisa na sauti halafu anaiangusha tumboni, halafu hapohapo ukaingia Otis, hushtuki. Nimewajaribishia wateja wengi tu hawajui nawafanyia mtihani. Hakuna aliyegeuka kuniuliza mbona umebadilisha.

Juzi mzee wa reli kaja tena. Mbukwa mzee wangu, mbukwa mwanangu, kakaa kwenye kile kiti changu cha plastiki chenye mguu wa kuungaunga. Ana flash mpya kanunuliwa na mjukuu, GB 16, kubwa hata hajui aijaze nini. Akaniuliza ile ya mluzi hamna ndefu zaidi? Maana anasema kila akifika pale kwenye mluzi sauti inaanza kupungua pungua, inapotea, na jamaa bado anapiga, hajamaliza. Nikamweleza kwamba waliipunguza hukohuko studio, ndivyo walivyoitoa, ile ya kumalizia mimi sijawahi kuikuta. Akafikiri. Nyuma yake dereva wa daladala ananipigia makofi nimuharakishie, abiria wanamkimbia.

"Basi niwekee mara saba mfululizo."

Nikaweka. Nimeandika mluzi 1 mpaka mluzi 7, nikamchaji hela ya wimbo mmoja.